Msomaji wa Bibi Polissena

Kila asubuhi Menega aliamka kabla ya kengele za kanisa. Alichota maji kisimani, akafagia ukumbi, akafungua madirisha yanayotazama mfereji, kisha akamwongoza Bibi Polissena hadi kwenye kiti chake karibu na moto. Baada ya hapo aliketi kwenye kigoda, akakiweka kitabu kikubwa cha zaburi magotini na kuanza kusoma.

Na alivyosoma, jamani! Wapita njia walisimama chini ya baraza wamsikilize. Mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili, tena mshamba wa kutoka milimani, anakitiririsha Kilatini bila kukwama wala kurudia neno! Sisi watu wa mji huu wa Treviso hatumsifu mtu ovyo. Ukitumbukia mferejini, kwanza tutakwambia ulikosea kutembea, ndipo tukuvute. Lakini Menega tulimsifu.

Bibi Polissena alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa sufu. Zamani alisoma mwenyewe usiku na mchana, lakini mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na sasa aliona mwanga wa dirisha tu. Wanawe walikuwa wamekufa wangali wadogo. Ndugu aliyebaki ni mpwa wake Liberale, mwalimu wa vijana, na yeye alikuja kwa nadra. Basi bibi alipotafuta mtu wa kumsomea, Padri Matìo wa kijiji kimoja cha milimani alimleta Menega, akaapa kwamba hajapata kumwona mtoto anayesoma kama huyu.

Padri hakusema uongo, na Menega pia hakusema uongo. Kanisani kwao kilikuwapo kitabu kimoja tu. Padri Matìo alikifungua kwa heshima, akakikazia macho, na zaburi zikamtoka. Menega alisimama ubavuni mwake tangu akiwa na miaka mitano, akishika mshumaa, mpaka zaburi zote zikamkaa kichwani. Yeye akajua kwamba kusoma ndiko huko: unafungua kitabu, unakitazama, na yale uliyoyahifadhi yanatoka. Msimcheke. Padri mwenyewe alifundishwa vivyo hivyo, na aliyemfundisha padri naye vivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza zile alama nyeusi ukurasani zina kazi gani.

Kazi yake ilimletea sifa, lakini haikumletea rafiki. Wasichana wa kisimani walikuwa na mdomo mchafu. Kila walipomwona anakuja na ndoo, mmoja wao aitwaye Lucieta alipaza sauti:

"Haya, pisheni! Mlima umeshuka! Wee, umemwachia nani mbuzi wako?"

"Mbuzi nimemwachia dada yako," Menega alijibu siku moja, lakini alijibu kwa lafudhi ya milimani, na wote wakaangua kicheko kwa lafudhi badala ya jibu. Tangu siku hiyo akawa anachota maji kimya na kuondoka.

Nyumbani kwa bibi hali ilikuwa hivyo hivyo. Pasqua mpishi alikuwa na shughuli zake na mwanawe mdogo, Bortolo, aliyekuwa na miaka minne. Bibi Polissena alimsikiliza Menega, akasema "asante, inatosha," basi. Mchana Menega alikaa dirishani akitazama maji ya mfereji. Mama yake alikufa akimzaa. Nyanya yake, aliyemlea, alikufa majira ya baridi yaliyopita, na kibanda chao sasa kilikaliwa na watu wengine. Baba yake alichoma makaa ndani kabisa ya msitu na alionekana kijijini kwa nadra. Kuna siku Menega alisema jina lake mwenyewe kwa sauti ndogo, ili tu asikie mtu akiliita.

Siku moja ya masika, Liberale aliingia ukumbini bila kubisha hodi, ameshika kitu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Shangazi, nusa hapa!"

Bibi Polissena alisogeza pua. "Nini hiki? Siki?"

"Wino, shangazi! Kitabu kimepigwa chapa Venice. Wametoa mia nne kama hiki, vyote pacha."

"Mia nne! Nani atavisoma vyote hivyo?"

"Watu. Hata muuza samaki, akitaka. Humu hamna Kilatini, ni lugha yetu hii hii ya sokoni."

Pasqua alichungulia kutoka jikoni, mikono imejaa unga. "Lugha ya sokoni ndani ya kitabu? Basi na matusi yetu yamo."

"Mitishamba tu, Mama Bortolo," Liberale alicheka. "Kila mmea una picha yake, faida yake na madhara yake. Ngoja nikusomee hapa."

Akafungua katikati, akasoma habari za shamari: jinsi inavyotuliza tumbo, jinsi ya kuichemsha, nani asiinywe. Alisoma haraka, akacheka mahali pamoja, akakunja uso mahali pengine na kusema, "Hapa sikubaliani naye, nitajaribu mwenyewe." Menega alimkodolea macho.

"Mwalimu," aliuliza, "umeshakihifadhi chote?"

"Nihifadhi nini? Kimenifikia jana jioni."

"Sasa umejuaje kilichosemwa humo?"

Liberale akapasuka kwa kicheko. "Nimejuaje! Shangazi, msomaji wako ana mzaha huyu!"

Bibi naye akatabasamu. Menega hakucheka. Alisogea, akakiinamia kile kitabu. Kwa mara ya kwanza alielewa kwamba zile alama nyeusi zilikuwa zinasema. Zilisema na Liberale, zilisema na bibi zamani zile macho yake yakiwa mazima, zilisema na yeyote aliyezijua. Kwake yeye hazikuwahi kusema neno, hata moja.

"Nakuachia, shangazi," Liberale alisema akivaa kofia yake. "Mimi nakwenda Venice kutafuta vingine. Wewe binti, kuanzia kesho msomee hiki. Zaburi anazijua, zitamchosha."

Alipoondoka, Menega alikichukua kile kitabu, akaketi nacho ngazini. Alikitazama mpaka macho yakamuuma. Picha aliziona: hii kabichi, hiki kitunguu saumu, hili ua jeupe linalochanua kwenye theluji. Chini ya kila picha kulikuwa na safu za alama, nyingi mno, zimesimama kimya. Alitamani kumwambia mtu. Amwambie nani? Akimwambia bibi, atarudishwa milimani, na milimani hakuna mlango utakaofunguliwa kwa ajili yake. Akimwambia Pasqua, mtaa mzima utajua kabla ya chakula cha jioni. Akalia pale ngazini, akajifuta kwa aproni, akapanda juu kuwasha taa.

Asubuhi iliyofuata alikifungua kitabu kipya. Bibi akasubiri.

"Ehee, leo tunaanza na nini?"

"Kabichi," Menega alisema. Hiyo aliijua kwa picha. Halafu akatunga. Alisema yale aliyoyasikia kwa nyanya yake: kabichi ya baridi kali ni tamu kuliko ya kiangazi, mbuzi akila majani yake ya nje maziwa hunuka. Aliongeza habari za theluji inayofunika mashamba mpaka wazee wanapotea njia ya kwenda zizini. Alisema taratibu, kwa sauti ile ile ya kusomea zaburi, na kila baada ya muda akafungua ukurasa. Bibi Polissena alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Huyu mwandishi," alisema mwishowe, "anaijua milima."

"Ndiyo, Bibi," Menega alijibu, akafungua ukurasa mwingine.

Alitunga kesho yake na keshokutwa. Kwanza aliogopa, kisha akazoea, na kuzoea kulikuwa kubaya zaidi. Zamani upweke wake ulikuwa wa kukosa mtu. Sasa hata watu walipokuwapo alikuwa peke yake, maana hakuna aliyejua yaliyomo moyoni mwake, na yeye hakuthubutu kuyasema. Bibi alipoanza kumwuliza maswali, kumwita "mwanangu", na kumtilia asali kidogo kwenye uji wake wa uwele, Menega aliona aibu kumeza. Alisema moyoni kwamba asali ile ni ya msomaji, na msomaji mwenyewe hayupo.

Siku moja akafika kwenye picha ya ua jeupe la theluji, lenye mizizi myeusi. Aliufahamu mmea ule. Nyanya yake aliuchimba mara moja, ng'ombe wao Moro alipovimba tumbo.

"Mzizi huu mweusi," Menega akasema kwa sauti ya kusomea, "ukichemshwa hufukuza minyoo yote tumboni. Moro alipewa, na kesho yake akasimama."

"Moro," Bibi Polissena alirudia polepole.

"Ndiyo, Bibi. Imeandikwa."

Pasqua alikuwa mlangoni anamenya maharage. "Ebo! Hebu rudia hapo pa minyoo."

Menega akarudia. Afanyeje? Pasqua akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kitabu kimesema," alisema, na akarudi jikoni akijisemea maneno yale yale kama mtu anayehifadhi sala.

Wiki hiyo mvua ilinyesha bila kupumzika. Mto ukafurika, daraja la chini likafungwa. Asubuhi moja Bortolo aliamka akijikunja na kulia, tumbo limejaa, midomo haina damu. Pasqua alijitupia shuka kichwani, akakimbilia kwa tabibu. Alirudi amelowa chapachapa. Tabibu alikuwa ng'ambo ya mto kwa mgonjwa mwingine, na hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka. Padri wa mtaa wetu alimwambia awashe mshumaa na kusali, ushauri ambao padri wetu huutoa hata kwa paa linalovuja. Lakini Pasqua hakurudi mikono mitupu. Alipitia kwa mke wa mchunga nguruwe, na mfukoni alileta fungu la mizizi myeusi.

Menega aliingia jikoni akitoka kisimani. Bortolo alikuwa amelazwa juu ya magunia karibu na jiko, akiita "mama, mama". Chungu kilikuwa kinachemka na maji yake yamegeuka rangi.

"Mama Bortolo, unapika nini?"

"Dawa yako."

"Dawa yangu?"

"Ile ya kitabu. Ya minyoo. Nipishe, usinisimamie mbele, mwanangu anakufa."

Ndoo ikamponyoka Menega. Maji yakatapakaa mpaka chini ya meza. Alimwona tena Moro, dume zima la kuvuta gogo la mwaloni, akiyumba zizini na povu mdomoni, na nyanya yake akimshika pembe na kulia kwamba amemwua. Ni kweli kesho yake Moro alisimama. Lakini huyu aliyelala kwenye magunia hakuwa ng'ombe. Alikuwa mtoto wa miaka minne mwenye vikono vyembamba kama vijiti.

Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema kwamba kitabu kinataka dawa ipoe kwanza, au ichujwe, apate muda wa kufikiri. Pasqua alikuwa ameshachota kikombe.

"Usimpe!" Menega alipiga kelele. "Mama Bortolo, usimpe! Kitabu hakikusema hivyo!"

"Umekisoma wewe mwenyewe!"

"Sikukisoma! Sijui kusoma!"

Pasqua alisimama na kikombe mkononi. "Unasema nini wewe?"

"Sijui kusoma. Zaburi nimehifadhi. Hayo mengine nilitunga. Moro ni ng'ombe wetu, alipewa mzizi huo akakaribia kufa. Nilitunga, Mama Bortolo, nilitunga yote!"

Pasqua alimshika bega, akamtikisa. "Mbwa wee! Mwanangu anagaragara, wewe unaniletea hadithi! Na nitajuaje kwamba sasa hivi ndipo hudanganyi? Enh? Nitajuaje?"

Mtu aliyekwisha kudanganya, hata akisema kweli huku analia, nani atamjua?

"Mleteni mtoto huku," ilisikika sauti kutoka ukumbini. Bibi Polissena alikuwa amesimama mlangoni mwenyewe, ameshika ukuta. Alikuwa amesikia yote. "Pasqua, weka hicho kikombe chini. Menega, lete kitabu."

"Bibi, sijui ku..."

"Nimesikia. Nimekuuliza unajua? Macho unayo?"

"Ninayo, Bibi."

"Na mimi herufi ninazo. Mimi nitajua, wewe utaona. Lete."

Wakaketi karibu na dirisha. Menega alifungua penye picha ya ua jeupe.

"Chini ya picha," alisema bibi. "Anza kushoto. Niambie alama ya kwanza imekaaje. Usiniambie unachodhani, niambie unachokiona."

"Kama... kama fimbo iliyosimama."

"Inayofuata?"

"Duara lililokatwa upande mmoja."

Bibi alitaja herufi kwa midomo bila sauti, akaziunga, akatikisa kichwa. "Endelea." Walisonga alama kwa alama, kama kipofu na kiwete wanaovuka mto. Kuna wakati Menega alikosea, wakarudi mwanzo wa mstari. Pasqua alikaa sakafuni na mwanawe mapajani, akimpangusa jasho, akikitupia jicho kile kikombe mezani kila mtoto alipolia.

"Hapa nafasi imeachwa," alisema Menega. "Halafu kuna mlango mdogo."

"Mlango wenye nguzo mbili?"

"Ndiyo. Kisha duara zima. Kisha mlango tena, sawasawa na ule wa kwanza."

Bibi Polissena akazichora hewani kwa kidole. "Mlango, duara, mlango. *Non.* Hilo ni neno la kukataza, mwanangu. Linasema usifanye. Twende, usifanye nini?"

Waliendelea, na neno moja likazaa jingine. *Usimpe mtoto.* Menega alikuwa ameshika mstari kwa kidole chake, na hata kabla bibi hajamwuliza, kidole kikakimbia kwenye mstari wa chini.

"Bibi! Lipo tena hapa! Mlango, duara, mlango! Hapa pia inakataza!"

"Usifanye nini?"

"Sijui... ngoja. Fimbo. Duara..."

*Wala mwanamke mwenye mimba*, kilisema kitabu, *maana huua.*

Pasqua alimtazama msichana, akamtazama bibi, akafahamu. Mtoto asiyejua hata herufi moja hawezi kutunga maneno kwa kutaja fimbo na milango. Aliinuka, akachukua kikombe na chungu chenyewe, akavimwaga vyote mferejini. Aliporudi alikuwa analia.

"Basi nimpe nini? Kitabu kimenikataza, sasa kiniambie nimpe nini!"

"Kuna picha ya kitunguu saumu," Menega alisema, na akafungua karatasi mbio mbio.

Hiyo nayo waliisoma vivyo hivyo, mpaka koo la bibi likakauka. Kitunguu saumu kipondwe, kitiwe katika maziwa ya uvuguvugu, anywe kidogo kidogo. Pasqua alikuwa ameshakiponda kabla hawajamaliza mstari.

Bortolo aliteseka siku nzima. Siku ya pili alitoa minyoo ambayo sitaieleza, maana huenda wengine mnasoma huku mnakula. Maji ya mto yalipopungua tabibu alikuja, akaunusa mzizi mmoja uliosalia mezani, akauliza nani aliyetaka kumzika huyu mtoto.

Menega alikuwa ameshafunga furushi lake la nguo. Hakungoja kuambiwa. Lakini jikoni ilibidi apite, na Pasqua alikuwapo, amempa mgongo. Akaweka bakuli la maharage mezani kwa kishindo.

"Sijakusamehe," alisema bila kugeuka. "Kula."

Menega alikula huku machozi yanadondokea bakulini. Kisha akaenda ukumbini, akasimama mbele ya kiti cha bibi na kifurushi chake mkononi.

"Naondoka, Bibi. Nimekuja kuomba radhi."

"Keti kwanza," alisema Bibi Polissena. "Nami nina la kuomba radhi."

Menega hakuelewa, lakini aliketi.

"Nilijua," alisema bibi. "Mwanzoni nilishuku tu. Ulipomtaja Moro nikajua. Mwandishi gani wa mitishamba anamtaja ng'ombe kwa jina? Nimesoma vitabu miaka arubaini, mtoto wewe, mimi si wa kudanganyika kirahisi hivyo. Lakini nilinyamaza. Unajua kwa nini?"

"Sijui, Bibi."

"Kwa sababu tangu mume wangu afe, hakuna anayesema nami ndani ya nyumba hii, ila kuniuliza nitakula nini. Wewe ulikuja na zaburi, na zaburi nazijua. Halafu siku moja ukaanza kuniletea theluji, na mbuzi, na nyanya yako. Nikaona nikikufichua utaondoka, nami nitarudi kukaa na ukimya. Basi nikauacha uongo uendelee kwa kuwa ulikuwa mtamu. Wewe ulidanganya kwa woga, mimi nilinyamaza kwa upweke, na Bortolo ndiye angelipia."

Menega alilia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama anavyolia mtu aliyebeba mzigo safari nzima kisha akatuliwa. Bibi alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa chake.

"Sikiliza, mwanangu. Ulipokuja hapa ukidhani kuhifadhi ndiko kusoma, hukuwa mwongo. Hivyo ndivyo ulivyofundishwa, na waliokufundisha nao walifundishwa hivyo. Zamani zetu mtu alirudia alichoambiwa, na aliyeuliza aliambiwa kaa chini. Kosa lako lilianza siku ile ulipojua kwamba hujui, ukajifunika. Kutojua si aibu. Sote tulizaliwa hatujui. Aibu, tena hatari, ni kujifanya unajua, kwa maana kuna mtu atakuamini na kuchemsha chungu. Sasa vitabu vinakuja kwa mikokoteni. Vingine vitasema kweli, vingine vitatunga kama wewe. Hakuna atakayekulinda navyo ila macho yako mwenyewe, na ulimi usioogopa kusema sijui. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Na hicho kifurushi?"

Menega alikitazama kifurushi, akakisukuma chini ya kigoda. Bibi Polissena alikifungua kitabu kipya magotini mwake, mahali popote tu, akakigeuza kumwelekea msichana.

"Haya. Hapa pamesemwa nini?"

Menega alikisogeza karibu na dirisha. Alizitazama alama zote zile, safu kwa safu, nyeusi na nyingi, nyingine ameshazitambua na nyingine bado. Hakuinamisha kichwa.

"Sijui, Bibi," alisema.

"Vizuri," alijibu Bibi Polissena. "Basi tuanzie hapo."